Philip Dalton: Aliyewawekea marubani hesabu kiganjani

Mfanyabiashara wa Nkanka, wilayani Rusizi, anayevuka kwenda Bukavu hupiga hesabu zake kwa kalkuleta kabla ya kulipa. Rubani anayetua Kamembe, jirani na hapo, naye ana zake: kasi, upepo, saa na mafuta. Akikosea ya mafuta, angani hakuna wa kumkopesha. Marubani wengi duniani wamejifunza hesabu hizo kwa kifaa cha Mmarekani Philip Dalton.

Dalton alisoma Chuo Kikuu cha Cornell, akawa ofisa wa mizinga jeshini, kisha akajiuzulu. Kuanzia 1931 alikuwa rubani katika kikosi cha akiba cha wanamaji. Mwaka 1933 alitoa rula ya mviringo ya kukokotoa: rubani huzungusha kisahani kimoja juu ya kingine, akasoma muda wa safari na mafuta yatakayotumika.

Tabu ilibaki kwenye upepo. Mtumbwi ukivuka Ziwa Kivu huku upepo ukipiga ubavuni, mpiga kasia huelekeza pua upande unakotoka upepo, la sivyo atafika kwingine. Ndege ni vivyo hivyo, ila juu ya mawingu rubani haoni ufuko wala mlima wa kumwonyesha kwamba amepotoka. Mwaka 1936 Dalton aliomba hataza ya kifaa cha kupima pembe hiyo, chenye utepe wa kitambaa unaozunguka ndani ya kisanduku. Jeshi la Marekani likaona ni ghali mno kukitengeneza.

Dalton hakukata tamaa. Mwaka 1937 aliondoa utepe, akaweka bamba bapa linaloteleza, na ile rula ya mviringo akaiweka upande wa pili. Baada ya marekebisho, kifaa hicho kiliingia jeshini mwaka 1940 kwa jina la E-6B.

Mavuno yake hakuyaona. Alifariki mwaka 1941 katika ajali ya ndege akimfundisha mwanafunzi. Desemba mwaka huo Wajapani walishambulia Pearl Harbor, ndipo jeshi likaagiza kwa wingi. Zaidi ya E-6B 400,000 zilitengenezwa wakati wa vita.

Baadaye zikaja kalkuleta za elektroniki za marubani, na zile za mwanzo sasa ni vitu vya kale. Bamba la Dalton, lisilohitaji betri, bado linafundishiwa marubani, na baadhi ya kalkuleta hizo zenyewe huuzwa kwa jina la E6B.