Hank Gathers: Moyo ulivyomzima nyota akiwa kileleni

MASHABIKI wa soka hawajasahau Juni 26, 2003, pale Marc-Vivien Foé wa Kameruni alipoanguka katikati ya uwanja jijini Lyon, Ufaransa, bila kuguswa na mtu, na hakuamka tena. Miaka 13 kabla ya hapo, Wamarekani walishaonja uchungu huohuo, ila wao ilikuwa kwenye mpira wa kikapu. Jamaa aliitwa Hank Gathers.

Gathers alizaliwa Februari 11, 1967, kaskazini mwa jiji la Philadelphia, kwenye maghorofa ya watu wa kipato cha chini. Mpira ndio uliomtoa. Katika shule ya Dobbins alicheza na swahiba wake, Bo Kimble, na mwaka 1985 wakabeba ubingwa wa shule za umma za jiji hilo.

Wote wawili wakachukuliwa na Chuo Kikuu cha Southern California, jijini Los Angeles. Mambo hayakwenda. Kocha aliyewasajili akatimuliwa baada ya msimu mmoja, vijana hawakuelewana na aliyekuja, wakafungasha. Hawakwenda mbali. Walihamia Loyola Marymount, chuo kidogo cha jiji hilohilo, wakakaa nje msimu mzima kama kanuni za uhamisho zilivyotaka.

Huko walimkuta kocha Paul Westhead, aliyeipa Los Angeles Lakers ubingwa wa NBA mwaka 1980. Soka lake, tukiliita hivyo, lilikuwa ni kukimbia tu. Ukipata mpira, kimbia, tupa kikapuni, kabeni tena. Wapinzani walikuwa wanakata pumzi kabla ya mapumziko.

Mfumo huo ulimfaa Gathers kama kiatu chake mwenyewe. Alikuwa na urefu wa mita mbili na nguvu za kutosha kupigania kila mpira uliogonga pete. Msimu wa 1988/89 aliongoza Marekani nzima kwa wastani wa pointi 32.7 na ribaundi 13.7 kwa mechi. Alikuwa mchezaji wa pili tu katika historia ya daraja la juu la vyuo kuongoza vyote viwili msimu mmoja. NBA ilikuwa inamsubiri.

Desemba 9, 1989, akiwa kwenye mstari wa mitupo huru, alianguka. Vipimo vikaonyesha kuwa mapigo ya moyo wake hayakuwa sawa. Akapewa dawa, na baada ya muda mfupi akarudi uwanjani.

Hapo ndipo penye mtihani. Dawa ile ilituliza moyo, lakini Gathers aliona inampunguzia kasi, na bila kasi kwenye timu ile wewe si lolote. Dozi ikapunguzwa, kisha ikapunguzwa tena. Februari 1990 aliwatupia LSU, timu ya Shaquille O'Neal, pointi 48, ingawa Loyola walilala 148-141 katika muda wa nyongeza. Nani angemwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaumwa?

Machi 4, 1990, nusu fainali ya mashindano ya kanda yao dhidi ya Portland, nyumbani kabisa, mama yake akiwa jukwaani. Gathers aliruka, akadaka pasi hewani na kuusukumiza mpira kikapuni. Uwanja ukalipuka. Sekunde chache baadaye akaanguka. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Alifariki jioni hiyohiyo akiwa na miaka 23.

Mashindano ya kanda yakasimamishwa, lakini Loyola wakapewa nafasi kwenye michuano ya taifa. Sasa sikia hii. Gathers alikuwa mbovu wa mitupo huru kiasi kwamba, ingawa alitumia mkono wa kulia, alianza kutupa kwa kushoto. Kimble naye ni wa mkono wa kulia. Akaamua kwamba mtupo huru wake wa kwanza katika kila mechi ataurusha kwa kushoto, kwa ajili ya rafiki yake. Yote iliingia.

Loyola wakawafunga New Mexico State, wakawachakaza Michigan, waliokuwa mabingwa watetezi, 149-115, wakawatoa Alabama 62-60. Walikuja kuzimwa kwenye nane bora na UNLV, waliotwaa ubingwa mwaka huo.

Familia iliwashtaki chuo na madaktari, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya fidia. Chuoni, jezi namba 44 imebaki kuwa yake, na uwanja alikoangukia mashabiki wanauita Nyumba ya Hank.

Mwaka 2021 Christian Eriksen alianguka vilevile Copenhagen, akaokolewa, akawekewa kifaa cha moyo na kurudi kucheza. Gathers hakuipata bahati hiyo. Yeye alikuwa na onyo la miezi mitatu tu, na miezi yote hiyo kila mtu, akiwemo yeye mwenyewe, alitaka acheze.