Alphonse Desjardins na Benki ya Wanyonge

Alphonse Desjardins, mlei Mkatoliki wa mji mdogo wa Lévis, Québec, nchini Kanada, alizaliwa mwaka 1854. Akiwa mwandishi wa hati mkato Bungeni, Ottawa, mwaka 1897 alisikia habari za mkopo wa dola 150 uliozaa riba ya dola 5,000. Tarehe 6 Desemba 1900, yeye na wenzake wakaanzisha benki ya akiba na mikopo ya watu wa Lévis. Makusanyo ya kwanza, Januari 1901: dola 26.40 tu.

Hadi sheria ilipopatikana mwaka 1906, hasara ingeweza kumpokonya hata nyumba yake. Naye alipokuwa vikaoni Ottawa, aliyepokea akiba na kutunza hesabu, huku akilea watoto, alikuwa mkewe Dorimène, ambaye wengi humsahau. Desjardins aliaga dunia tarehe 31 Oktoba 1920.