Askofu Steere na Soko la Mkunazini

Ndugu msomaji, ukifika Mji Mkongwe wa Unguja, nenda mtaa wa Mkunazini. Hapo utaliona kanisa kubwa la mawe lenye mnara. Ingia ndani, ufike karibu na madhabahu, kisha utazame sakafuni. Utaona duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na rangi nyekundu. Husimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kufungia watumwa na kuwachapa viboko. Rangi nyekundu ni ukumbusho wa damu yao.

Kwa nini madhabahu iliwekwa mahali pa mateso? Ili upate jibu, yafaa umjue mtu aliyelijenga kanisa hilo. Jina lake lilikuwa Edward Steere.

Mwanasheria awa kasisi

Steere alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1828. Alisoma sheria akawa mwanasheria. Sheria husema kama wazee wetu wasemavyo barazani: mwenye kosa ndiye alipe. Baadaye aliiacha kazi hiyo akawa kasisi. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Walitumwa na Misheni ya Vyuo Vikuu.

Wakati huo Unguja ilikuwa na soko kubwa la watumwa. Watu walitekwa bara, sehemu za Nyasa na kwingineko. Walitembezwa kwa miguu mpaka pwani, na wengi walikufa njiani. Waliosalia walipakiwa majahazini wakaletwa sokoni. Hapo walipangwa mistari, wakatazamwa meno na mikono kama ng'ombe wa mnada. Inasemekana walichapwa ili wanunuzi wajue nani ana nguvu. Asiyelia alipata bei kubwa.

Fikiri, ndugu msomaji. Watu wale walikuwa wamekosa nini? Hawakuiba wala hawakuua. Wenye hatia walikuwa wale walioteka, waliouza, walionunua na waliokula jasho la watumwa. Nao walikuwa watu wa mataifa mengi: Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wazungu. Lakini viboko viliwaangukia wasio na hatia.

Kazi ya kutafuta maneno

Sultani aliwapa wamisionari wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao aliitwa John Swedi. Steere aliona kwamba hawezi kuwafundisha bila kujua lugha. Basi akajifunza Kiswahili kwa bidii. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Unguja. Vijana wa misheni nao walijifunza kazi ya kupiga chapa.

Watu wa mji walimsaidia sana. Mmoja wao alikuwa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, aliyemsaidia katika kufasiri Zaburi.

Kulikuwa na jambo gumu la kueleza. Wakristo huamini kwamba Yesu hakuwa na dhambi yoyote, lakini alipigwa na kutundikwa msalabani. Huamini kwamba alibeba hatia ya watu wote, ili wenye makosa wasamehewe na Mungu. Waislamu hawaamini hivyo. Uislamu hufundisha kwamba hakuna atakayebeba dhambi za mwenzake. Kwa hiyo kwa watu wengi wa Unguja mafundisho haya yalikuwa mageni. Steere aliyafasiri kwa Kiswahili cha watu, ili kila mtu ayasikie na kuyapima mwenyewe. Agano Jipya zima lilitoka mwaka 1883.

Soko lafungwa

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Soko likafungwa. Misheni ilinunua sehemu ya uwanja ule, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi liliwekwa.

Mwaka 1874 Steere alifanywa askofu. Alisimamia ujenzi yeye mwenyewe. Paa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, bila nguzo katikati. Sultani Barghash alitoa saa ya mnara.

Na husimuliwa kwamba madhabahu iliwekwa pale penye mti wa viboko. Kwa Mkristo maana yake ni hii: Mwokozi wake alichapwa bila hatia, kama walivyochapwa watu wale. Basi mtumwa aliyefungwa pale alikuwa karibu na Mwokozi kuliko bwana aliyeshika kiboko.

Kusamehewa si kukaa bure

Lakini kanisa peke yake haliwezi kuondoa utumwa. Watumwa waliendelea kusafirishwa kwa siri. Kumiliki mtumwa kuliendelea kukubaliwa na sheria za Zanzibar mpaka mwaka 1897. Hapa pana hatari. Mtu anaweza kusema kwamba deni lake limekwisha kubebwa na mwingine, kisha akaendelea na dhuluma yake. Huko si kutubu.

Steere hakukaa bure. Huko Mbweni watu walioachwa huru walipewa mahali pa kuishi na kulima. Mwaka 1876 aliongoza kundi lao kwenda bara, wakakaa Masasi. Mwaka 1879 John Swedi, yule mvulana wa jahazini, akawa shemasi.

Steere alikufa Unguja mwezi Agosti 1882. Alizikwa nyuma ya madhabahu, hatua chache tu kutoka kwenye lile duara.

Ndugu msomaji, uwe Mkristo au Mwislamu, mahali pale panakuuliza swali moja. Asiye na hatia anapoumizwa mbele yako, wewe utasimama upande gani?

Maswali ya mazungumzo

1. Steere alifanya kazi gani kabla ya kuwa kasisi?
2. Wakristo na Waislamu hutofautiana vipi juu ya kubeba dhambi za mwingine?
3. Je, katika kijiji chenu kuna mtu anayeumia kwa kosa lisilo lake? Mwawezaje kumsaidia?