Mwalimu Nyerere na Hesabu za Shamba la Shule

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu, kisha mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya siasa. Hata alipokuwa Rais, jina la Mwalimu halikumtoka.

Machi 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka kila shule iwe na shamba. Tena, na hili husahauliwa mno, wanafunzi wayajue mapato na matumizi yake na washiriki kuamua faida itumiweje. TANU ilipotangaza Siasa ni Kilimo mjini Iringa mwaka 1972, jembe lilisisitizwa zaidi. Katika shule nyingi likageuka adhabu.

Baadaye sekondari ziliwekewa michepuo, ukiwamo wa biashara. Lakini mtoto wa Rungwe, mkoani Mbeya, huiona kahawa ya wazazi ikipimwa, na wa Mufindi, mkoani Iringa, huwaona wachuma chai, kabla hawajafika sekondari. Hao ni wanafunzi wako, ewe mwanachuo: wape daftari, waandike bei ya mbegu, ya mbolea na ya gunia.

Nyerere alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.