Lars Leksell: Mpasuaji aliyetafuta njia ya kutolifungua fuvu

Katika historia ya tiba nchini Sweden, Lars Leksell anakumbukwa kwa jambo linaloonekana kujipinga lenyewe: alikuwa mpasuaji wa ubongo, na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kutafuta namna ya kuutibu ubongo bila kupasua. Kifaa alichokibuni, ambacho ulimwengu unakijua kwa jina la Gamma Knife, hakina makali wala hakikati ngozi. Kukifikia kulimchukua miaka ipatayo ishirini ya majaribio, ambayo matokeo yake hayakuonekana siku ileile, wala mwezi uleule.

Leksell alizaliwa tarehe 23 Novemba 1907 huko Fässberg, karibu na mji wa Göteborg, magharibi mwa Sweden. Alisomea udaktari katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, na katikati ya miaka ya 1930 akaingia katika idara ya upasuaji wa ubongo ya hospitali ya Serafimer, chini ya Herbert Olivecrona, mwasisi wa fani hiyo nchini humo. Olivecrona alikuwa na sifa kote Ulaya, lakini kazi yenyewe ilikuwa nzito. Ili kuufikia uvimbe uliojificha ndani, daktari alilazimika kuondoa kipande cha fuvu, kuusogeza ubongo na kupambana na damu kwa saa nyingi. Picha za eksirei za wakati huo hazikuuonyesha uvimbe. Zilionyesha mifupa, au mishipa ya damu iliyotiwa dawa, au vyumba vya maji vya ndani ya ubongo vilivyojazwa hewa, na daktari alikisia mahali pa uvimbe kwa kuangalia ni kitu gani kilichosukumwa kando. Wagonjwa waliofia mezani, au siku chache baadaye, hawakuwa wachache. Waliopona mara nyingi waliondoka na ulemavu wa uso, wa macho au wa viungo.

Mwishoni mwa Novemba 1939 Umoja wa Kisovieti uliivamia Finland, na Leksell akavuka kwenda katika nchi hiyo jirani kujitolea kama daktari. Huko alikutana na majeruhi wenye risasi na vipande vya makombora katika uti wa mgongo, mahali ambapo mfupa hauna budi kuondolewa kidogo kidogo pasipo kuidhuru neva kuu inayopita ndani yake. Kutokana na kazi hiyo akabuni koleo la kung'ata mfupa lenye viungo viwili, ambalo humpa mpasuaji nguvu bila kuutikisa mkono. Koleo hilo, lenye jina lake, lingali linatumika katika vyumba vya upasuaji. Tangu hapo tabia yake ilikuwa moja: chombo kilichomsumbua hakukivumilia, alikibadilisha.

Kabla ya kuendelea na vyombo alifanya kwanza utafiti wa maabara, chini ya Ragnar Granit, mwanasayansi mzaliwa wa Finland ambaye baadaye, mwaka 1967, alipata Tuzo ya Nobel. Katika tasnifu yake ya mwaka 1945, Leksell alionyesha kazi ya nyuzi nyembamba za neva zinazotoka katika uti wa mgongo kwenda kwenye misuli: haziikazi misuli kwa nguvu, bali huvirekebisha vihisio vilivyomo ndani yake ili ubongo upate habari sahihi. Nyuzi hizo huitwa nyuzi za gama. Ni sadfa tu kwamba herufi hiyohiyo ya Kigiriki ingekuja kulifuata jina lake tena, kwa sababu nyingine kabisa.

Mwaka 1946 alipewa dhamana ya upasuaji wa ubongo mjini Lund, kusini mwa nchi. Mwaka uliofuata alikwenda Philadelphia, Marekani, ambako Ernest Spiegel na Henry Wycis walikuwa wametengeneza chombo cha kwanza cha kupima mahali ndani ya ubongo wa binadamu kwa vipimo vitatu, yaani urefu, upana na kina. Leksell alirudi na wazo hilo lakini si na chombo chao. Fremu aliyoichapisha mwaka 1949 ilifungwa kwenye fuvu la mgonjwa, na juu yake ikapita tao la nusu duara ambalo kitovu chake kiliwekwa palepale panapolengwa. Atakayeitazama atakumbuka spoku za gurudumu la baiskeli: popote spoku inapoanzia, mwisho wake ni katikati. Sindano iliyoingizwa kutoka upande wowote wa tao ilifika mahali pamoja.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo lililobadilisha kila kitu. Ikiwa sindano kutoka pande zote zinakutana katika nukta moja, kwa nini isiwe miale badala ya sindano? Mwale mmoja hafifu hupita katika ubongo bila madhara makubwa. Miale mingi inayotoka pande mbalimbali, kila mmoja ukiwa hafifu, hujumlika mahali inapokutana tu, na hapo huwa na nguvu ya kuua chembe hai. Mwaka 1951 Leksell aliandika makala fupi yenye wazo hilo na kulipa jina jipya, upasuaji kwa mionzi. Alianza na mashine ya eksirei aliyoifunga kwenye tao lake, na mwaka 1953 akawatibu wagonjwa wawili waliokuwa na maumivu makali ya neva ya uso, ugonjwa ambao hata upepo ukigusa shavu humfanya mtu apige yowe. Aliripoti habari zao miaka mingi baadaye, mwaka 1971, alipokuwa na hakika kwamba maumivu hayakurudi. Katika fani ambayo watu hukimbilia kuchapisha, subira hiyo ni ya kushangaza.

Eksirei, hata hivyo, haikuwa na nguvu ya kutosha kwa sehemu za ndani kabisa. Leksell akashirikiana na mwanafizikia Börje Larsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, ambako kulikuwa na mtambo mkubwa wa kurusha protoni. Walijaribu kwa wanyama, kisha, mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa wagonjwa. Miale ilifanya kazi. Lakini mtambo ulikuwa wa wanafizikia, katika mji mwingine, na haikuwezekana kuugeuza kuwa chombo cha hospitali cha kila siku. Mtu mwenye hamu ndogo angeishia hapo. Leksell, ambaye mwaka 1960 alikuwa amekirithi kiti cha Olivecrona huko Karolinska, aliamua kurudi kwenye kitu rahisi zaidi: madini ya kobalti 60, ambayo hutoa miale ya gama yenyewe, mchana na usiku, bila mtambo wowote wa kuirusha.

Kifaa cha kwanza kilikamilika kati ya mwaka 1967 na 1968, na kikawekwa katika hospitali ya Sophiahemmet mjini Stockholm. Ndani ya ganda zito la metali kulikuwa na vyanzo 179 vya kobalti, kila kimoja na tundu lake jembamba, na matundu yote yakielekea nukta moja. Kichwa cha mgonjwa kilishikwa na fremu ili nukta ile iangukie mahali palipokusudiwa. Mgonjwa alikuwa macho, hakukatwa, hakutoka damu.

Inafaa isemwe kwamba kifaa hicho hakikubuniwa kwa ajili ya uvimbe. Leksell alikusudia kukata njia za neva zilizo ndani ya ubongo ili kutuliza maumivu sugu, mitetemeko na hata hofu kali za wagonjwa wa akili, na umbo la doa lililochomwa na miale lilipangwa kwa kazi hiyo. Upasuaji wa maradhi ya akili ulizusha ubishi mkubwa wakati ule, na ubishi huo haujakwisha. Lakini mgonjwa wa kwanza alikuwa na uvimbe karibu na tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Mwaka 1969 ukafuata uvimbe wa neva ya kusikia, na mwaka 1970, pamoja na Ladislau Steiner, fundo la mishipa ya damu lenye hatari ya kupasuka. Magonjwa hayo ndiyo yaliyokitwaa kifaa kutoka katika lengo lake la awali. Kifaa cha pili, cha katikati ya miaka ya 1970, kilitengenezwa kwa umbo la doa la mviringo linalolingana na uvimbe.

Wapasuaji wengi walikuwa na shaka, na shaka yao haikuwa ya kijinga. Anayeondoa uvimbe kwa mkono huuona umetoka. Anayetumia miale hamwonyeshi mgonjwa kitu: uvimbe unabaki palepale, na miezi au miaka hupita kabla haujajulikana kama umesimama kukua au unasinyaa. Fundo la mishipa huchukua miaka miwili au mitatu kuziba, na katika muda huo linaweza kupasuka. Aidha, kulenga usichokiona ni kubahatisha, na ni hadi picha za kompyuta zilizoanza London mwaka 1971 zilipoenea ndipo uvimbe wenyewe ulipoanza kuonekana wazi. Leksell, ambaye katikati ya miaka ya 1950 alikuwa kati ya watu wa kwanza kutumia mawimbi ya sauti kuchunguza ubongo, aliufahamu udhaifu huo kuliko wakosoaji wake.

Mwaka 1972 alianzisha kampuni ya Elekta pamoja na mwanawe Laurent ili vifaa vyake vitengenezwe na kuuzwa. Alistaafu uprofesa mwaka 1974. Kwa muda mrefu baada ya hapo tiba hiyo ilibaki Stockholm peke yake. Vifaa vilivyofuata vilikwenda Buenos Aires na Sheffield katika miaka ya 1980. Leksell alifariki dunia tarehe 12 Januari 1986 akiwa matembezini katika milima ya Alps nchini Uswisi, akiwa na umri wa miaka 78. Mwaka uliofuata Pittsburgh, Marekani, ilipata kifaa chenye vyanzo 201, na kuanzia hapo kikaenea haraka.

Elimu ya jeni, iliyokua baada ya kifo chake, imeionyesha tiba hiyo mpaka wake. Mwaka 1993 ilitambuliwa jeni katika kromosomu ya 22 ambayo, ikiwa na kasoro, huwafanya waliorithi waote uvimbe katika neva za kusikia za pande zote mbili, mara nyingi wakiwa bado vijana. Kwao miale huzuia uvimbe kwa uhakika mdogo zaidi kuliko kwa mtu mwenye uvimbe mmoja usio wa kurithi, na daktari hulazimika kupima hatari ya mionzi kwa mwili ambao tayari una mwelekeo wa kuota uvimbe. Kwa wagonjwa hao, mara nyingine kisu cha kawaida ndicho kinachochaguliwa.

Fremu ya mwaka 1949, baada ya marekebisho kadhaa, bado hufungwa kwenye vichwa vya wagonjwa wa Parkinson wanapowekewa nyaya za umeme ndani ya ubongo.