Okot p'Bitek na Koleo Lililovunjika

Kiswahili kina misemo miwili mashuhuri ya kumweleza mtu aliyepoteza ajira. Twasema amemwaga unga, au twasema amepigwa kalamu. Wanafunzi wangu wa isimu aghalabu huichukua misemo hii kuwa visawe, nami huwataka waitazame tena. Katika msemo wa kwanza mtendaji ni mfanyakazi mwenyewe: ndiye aliyekuwa na unga, ndiye aliyeumwaga, na asiyejua kisa chake atamdhania uzembe. Katika msemo wa pili kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa: pana mkono mwingine ulioishika kalamu, naye mfanyakazi ametendwa tu. Tofauti hii ya kisarufi ina uzito katika maisha. Wengi hubeba aibu ya msemo wa kwanza hata pale ambapo yaliyowafika ni ya msemo wa pili.

Nimelitafakari jambo hili mara nyingi katika miji ya Busia na Malaba, ninakokwenda kila nipatapo nafasi kusikiliza jinsi watu wa mpakani wanavyozitumia lugha zao. Kwa miaka mingi, upande wa Kenya wa mpaka huo, riziki ya watu wengi ilitegemea foleni za malori. Wakala wa forodha alitayarisha hati, karani akazipeleka ofisini, mwenye hoteli akawauzia chai na ugali madereva waliokuwa wakisubiri. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kutumia Himaya Moja ya Forodha mwaka wa 2014, ushuru wa shehena za Uganda ukawa unalipwa mzigo ukiwa ungali Mombasa. Malori yakapita kwa kasi zaidi, na hilo lilikuwa jambo jema kwa biashara ya kanda nzima. Lakini mawakala wengi wa Malaba na Busia walijikuta hawana tena la kufanya, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliosoma. Hao hawakumwaga unga wowote. Kalamu iliyowapiga ilikuwa mbali nao.

Swali ambalo vijana wa aina hiyo huniuliza, na ambalo huulizwa pia na walimu ambao mikataba yao haikufanywa upya, ni moja: mtu aanze wapi? Badala ya kuwapa hotuba, mimi huwasimulia maisha ya mtu aliyetoka ng'ambo ya mpaka huo huo, akapigwa kalamu katika kilele cha sifa zake, kisha akaanza upya upande wetu. Mtu huyo ni Okot p'Bitek.

Okot alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Mama yake alikuwa mwimbaji, na mtoto alikua akizisikia nyimbo za watu wake kabla ya kujua kusoma. Alisoma Gulu, kisha King's College Budo, akafunzwa ualimu Mbarara, akarejea kaskazini kufundisha. Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya fupi kwa Kiacholi iitwayo Lak Tar, yaani meno meupe. Inamhusu kijana anayeondoka kwao kutafuta mahari, anahangaika na vibarua katika nchi ya kusini, na mwishowe anarudi nyumbani mikono mitupu. Hivyo basi, habari ya mtu kuyapoteza aliyoyatolea jasho ilikuwa imemshughulisha tangu ujana wake.

Mwaka wa 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda ya Uganda. Wenzake waliporudi nyumbani, yeye alibaki kusoma. Alisomea ualimu Bristol, akasomea sheria Aberystwyth, kisha akaingia Oxford kusomea anthropolojia ya jamii. Mwenye kuitazama safari hiyo juu juu atasema kuwa Okot alikuwa mtu asiyetulia: leo mchezaji, kesho mwalimu, keshokutwa mwanasheria. Hata hivyo, chini ya malengo hayo yaliyokuwa yakibadilika palikuwa na zoea moja lisilobadilika. Alizisikiliza nyimbo za watu wake, akaziandika, akazitafakari. Hata tasnifu yake ya Oxford ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango.

Aliporudi Uganda katika miaka ya 1960 alifanya kazi chini ya Chuo cha Makerere, katika idara iliyowapelekea elimu watu wazima walio nje ya chuo, na huko Gulu akaanzisha tamasha la sanaa. Mwaka wa 1966 kampuni ya East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha utenzi wake, Song of Lawino, wenye maombolezo ya mke wa Kiacholi ambaye mumewe, Ocol, amezidharau mila za kwao. Utenzi huo ulimpa jina Afrika nzima. Wakati huo huo alikabidhiwa uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Uganda pamoja na Jumba la Taifa la Maonyesho mjini Kampala. Yamkini hapakuwa na wadhifa mwingine nchini uliomfaa mtu wa aina yake kuliko huo.

Haukudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya safari ya Zambia, alijikuta ameondolewa kazini. Hakuwa mtu wa kuwabembeleza wakubwa, na hata katika utenzi wake Lawino huwacheka wanasiasa wa vyama wanaogombana huku wananchi wakibaki na dhiki zao. Kazi aliyopewa kwa sababu ya kipaji chake aliipoteza mapema, na mlango wa kupata nyingine nchini mwake ukafungwa. Ndipo akaja Kenya.

Barabara kuu ya Kampala hadi Kisumu hupitia Busia, na ile iendayo Nairobi kwa njia ya Eldoret hupitia Malaba. Wanafunzi wangu huuona mpaka huo kama ukuta wa kale. Nawakumbusha kwamba hadi mwaka wa 1902 Busia, Malaba na hata Kisumu zilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, mpaka Waingereza walipoihamisha mikoa ya mashariki na kuitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Wateso wako pande zote mbili, na Wasamia vilevile. Nacho Kiacholi, lugha ya mama ya Okot, ni ndugu wa Dholuo inayozungumzwa Kisumu. Msemaji wa mojawapo huhitaji muda mfupi tu kuizoea nyingine. Kwa mujibu wa sheria Okot alikuwa mgeni. Kwa mujibu wa lugha alikuwa jamaa aliyefika kwa binamu zake.

Alipata kazi Kisumu, katika idara ya elimu ya nje ya Chuo cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Tuseme wazi kwamba cheo kilishuka. Aliyekuwa akisimamia asasi ya taifa katika mji mkuu sasa alikuwa mkufunzi wa watu wazima katika mji wa mkoani, nchini pasipo kwao. Wengi wetu katika hali hiyo hutumia mwaka mzima tukiandika barua za kulalamika, au kungoja turudishiwe kiti chetu. Okot alilipunguza lengo lake likatoshea mahali alipokuwa. Kisumu hakuwa na jumba la taifa, lakini palikuwa na waimbaji, wapiga nyatiti, na walimu wenye hamu ya kujua. Mwaka wa 1968, muda mfupi baada ya kufika, liliandaliwa Tamasha la Sanaa la Kisumu, naye ndiye aliyeliasisi. Jambo lile lile alilolianzia Gulu, kisha akalifanya Kampala akiwa na ofisi na bajeti, alilifanya Kisumu kwa vilivyokuwapo.

Kalamu nayo haikutua. Mwaka wa 1969 nakala ya Kiacholi ya utenzi wa Lawino, ambayo ndiyo asili yake, ilichapishwa hatimaye. Mwaka huo alikwenda Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika programu ya waandishi. Mwaka wa 1970 ulitoka Song of Ocol, jibu la mume kwa maombolezo ya mkewe, na mwaka wa 1971 zikatoka tenzi mbili katika kitabu kimoja, Song of Prisoner na Song of Malaya, kilichotunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka wa 1972. Alihamia Chuo Kikuu cha Nairobi, akafundisha na kufanya utafiti huko hadi mwaka wa 1978. Katika kipindi hicho alichapisha vitabu juu ya dini za Kiafrika, insha juu ya utamaduni, na mwaka wa 1974 mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi, Horn of My Love. Mwaka wa 1975 Lawino akaanza kusema Kiswahili, kwa tafsiri ya Paul Sozigwa. Ukiuondoa utenzi wa 1966 na ile riwaya ya ujana wake, karibu vitabu vyote tunavyomjua kwavyo vilitoka baada ya kupigwa kalamu.

Sitaki msomaji adhani kuwa ninausifu uonevu kwa sababu ya matunda yaliyoufuata. Mwaka wa 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na njia ya kurudi nyumbani ikafungwa hadi mwaka wa 1979. Asomaye utenzi wa mfungwa atasikia humo uchungu ambao haukuwamo katika kejeli za Lawino. Okot alirejea Makerere baada ya Amin kuondoka, akafanywa profesa wa utunzi, akafariki Julai 1982 akiwa na umri wa miaka 51. Zaidi ya miaka kumi ya maisha mafupi kama hayo aliitumia katika nchi za watu. Hakuna orodha ya vitabu iwezayo kuufidia wakati huo, wala kuirudishia Uganda yale ambayo angeyafanya katika kituo kile lau angeachwa afanye kazi.

Tunajifunza nini basi? Naona kwamba tunapaswa kutenganisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: ajira na kazi. Ajira hutolewa na mtu, na aliyeitoa aweza kuitwaa. Kazi, kwa maana ninayoikusudia hapa, ni lile zoea ambalo mtu alikuwa nalo kabla ya kuajiriwa na ambalo halihitaji barua ya mtu yeyote. Kwa Okot lilikuwa kusikiliza nyimbo na kuandika. Kwa mwalimu laweza kuwa kueleza jambo gumu likaeleweka. Kwa wakala wa Malaba laweza kuwa ujuzi wa kusoma hati za kigeni na kupatana na watu wa lugha nne kwa siku moja. Anayepoteza ajira na ajiulize kwanza zoea lake ni lipi, kisha alipatie lengo dogo linalowezekana mahali alipo, kwa lugha na watu walio karibu naye. Malengo makubwa yatakuja baadaye, au hayatakuja. Zoea likifa, hata hayo hayatakuwa na pa kushikia.

Watu wa Busia walilijua hili bila kufundishwa. Waendesha baiskeli waliowavusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka hawakuwa na ajira ya ofisi yoyote. Walikuwa na miguu yenye nguvu na ujuzi wa njia. Wakalichukua neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakalirudia mara mbili, nasi tukapata bodaboda, neno ambalo leo hutumika Afrika Mashariki yote. Mwanaisimu hana budi kuwavulia kofia.

Lakini liko funzo jingine, nalo halimhusu aliyepigwa kalamu. Latuhusu sisi ambao tungali na viti. Okot hakujiokoa peke yake. Palikuwa na chuo upande wa pili wa mpaka kilichomfungulia mlango. Katika miaka ya 1970 walimu wengi wa Uganda waliyakimbia mateso wakaja Kenya, na shule zetu za sekondari zikawapokea. Wazee wetu wengi walifundishwa hisabati na Kiingereza na walimu hao. Leo mwenzetu akiachishwa kazi, mara nyingi twaacha kumpigia simu, kana kwamba msiba wake unaambukiza. Mwalimu mkuu aweza kumwalika azungumze na wanafunzi. Mhadhiri aweza kumshirikisha katika utafiti. Mwanafunzi aweza kumwomba amsahihishie insha. Hayo ni madogo, lakini ndiyo humsaidia mtu asilipoteze zoea lake kabla mlango mwingine haujafunguka.

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Walisema kweli, mradi tukumbuke pia kwamba mhunzi aliyevunjikiwa na koleo, wakati akitafuta jingine, huhitaji jirani wa kumwazima la kwake.