Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Sheikh huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo wa Mazrui, waliotoka Omani wakautawala mji huo hata 1837. Babaye alifariki yeye angali mdogo; akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali.

Katika magazeti yake, Sahifa (1930) na Al-Islah (1932), aliwakemea vijana wa Kiarabu waliojivunia nasaba (naye ni wa nasaba hiyo hiyo) huku mashamba yakiwatoka. Aliwataka wasome dini, na elimu za dunia pia.

Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufa kwake, 1947. Mwanawe Ali alimkusudia Azhar. Kijana akashika ukarani Mombasa, kisha mwaka 1955 akaenda kusoma Uingereza, akawa profesa wa siasa.